Mwombeeni Ndugu Theogene

Jumamosi, tarehe 13 Juni 2015. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha ikakatika kabla ya mapambazuko, na asubuhi hiyo mtaa wa Okolona, jijini Louisville, Marekani, ulifunikwa na mvuke mzito kama jiko ambalo sufuria imeachwa ichemke. Jua lilikuwa halijaonekana, lakini joto lilikwisha kuamka.

Uwineza alipiga magoti kando ya kitanda, kama alivyofanya kila asubuhi tangu utoto wake katika milima ya Kivu Kusini. Alimwombea baba yake, akauombea mgongo wa mama yake na ndugu waliobaki katika kambi ya wakimbizi. Alipofika mahali pa kuwasamehe waliomkosea, ulimi ulikataa. Alisubiri kidogo. Kisha akasema amina na kusimama, maana hakutaka kumdanganya Mungu, na siku ile hakuwa na msamaha hata wa kukopesha.

Alikuwa na kitu kingine moyoni, na kitu hicho kilikuwa njiani kutoka Ohio, ndani ya gari.

Kila alfajiri akina mama wa jamii yetu walioko Louisville, Columbus na Buffalo hupiga namba moja ya simu, wakakutana hewani na kuomba pamoja. Alfajiri hiyo Uwineza aliisikia sauti ya Nyirabeza, mama yake Theogene, kwenye simu hiyo ya maombi. Nyirabeza alilia mpaka maneno yakamkatika. Alisema kwamba yeye na shemeji yake Rurangwa, aliyewasili jana kutoka Buffalo, wanaingia garini sasa hivi kwenda Louisville kumtoa mwanawe jela. Akina mama wa miji mitatu waliitikia amina. Uwineza alikuwa amezima kipaza sauti cha simu yake. Aliitikia pia, peke yake, chumbani.

Theogene hakuwa jela. Siku ile Theogene angekuwa na panga mkononi kwenye njia ya baiskeli nyuma ya maghala, akifyeka vichaka kwa hiari yake. Hilo Uwineza alilijua kuliko mtu yeyote, kwa sababu yeye ndiye aliyempeleka katika jela hiyo isiyokuwapo.

Mambo yalianza miaka mitatu nyuma. Theogene alikuwa akiishi kwa mama yake huko Hilliard, pembeni mwa jiji la Columbus, Ohio, na wazee wake walikuwa wamekwisha kuja Louisville, wakaketi sebuleni kwa Mzee Bisogo, baba yake Uwineza, wakaomba binti na wakapewa. Harusi ilikuwa imekaribia. Ndipo mtu mmoja, mpaka leo hajulikani, alipompiga Uwineza picha akiwa ndani ya gari la mwanamume Mkenya, kichwa amekirudisha nyuma, anacheka. Picha ikaruka mpaka Hilliard.

Nyirabeza hakuuliza. Alimpigia simu Mzee Bisogo mbele ya akina mama wa kanisa lake, akafungua sauti ili wote wasikie, akasema mwanawe hataoa makombo ya Wakenya. Mzee Bisogo alijibu kwamba amesikia, akaiweka simu mezani taratibu kama kitu kilichojaa maji. Tangu Jumapili ile hakukaa tena kiti cha mbele kanisani, ingawa hakuna aliyemwondoa.

Na Theogene? Alikuwa ameketi katika chumba kile kile cha Hilliard, mbele ya mama yake, wakati maneno yale yanasemwa. Hakusema kitu. Muda si mrefu akahamia Buffalo kwa baba yake mdogo Rurangwa, akapata kazi kiwandani. Uwineza alibaki na gauni ambalo dada zake hawakujua walifiche wapi.

Yule Mkenya alikuwa akimfundisha kuendesha gari. Basi, hakuna zaidi.

Alhamisi ya wiki hiyo ndipo Theogene alipotokea tena. Watu wa kanisa la Uwineza walikuwa wamekubali kusaidiana na majirani kufyeka njia ya baiskeli inayotoka kwenye nyumba za kupanga kwenda maghalani. Njia yenyewe ilikuwa imemezwa. Kuna kichaka fulani pale chenye maua meupe yanayonukia vizuri, watu wanasema kililetwa zamani kama pambo la bustani. Sasa kilikuwa kimefunga njia kutoka pande zote mbili, na wafanyakazi wasio na magari walilazimika kushuka barabarani kushindana na malori. Mzee Bisogo alikuwa mmoja wao. Mwezi Machi kioo cha lori kiliipeperusha kofia yake kichwani. Alifika nyumbani bila kofia, akacheka, lakini kikombe cha chai kikamshinda kushika.

Kiongozi wa kazi alikuwa Kibet, Mkenya yule yule. Siku hizi alikuwa na mke, kitambi kidogo na kikundi cha majirani wanaopenda baiskeli. Alitembea na miwani nyeusi, kofia, na redio ya mkononi aliyoivaa kiunoni ili aongee na wenzake wa upande wa pili wa njia. Kwa kuwa malori yalipita karibu, aliwagawia watu wote vizibao vya rangi ya chungwa.

Sasa, katika jamii yetu kila mtu anajua maana ya kizibao hicho. Tangu tulipofika nchi hii tumewaona wanaume waliovaa hivyo kando ya barabara kuu, wanaokota takataka, na nyuma yao askari amesimama. Tunawaonyesha watoto, tunawaambia: wale ni wa korti, someni msije mkafika pale. Kwamba mtu anaweza kuvaa vile kwa kupenda kwake, halafu ainame kuokota makopo bila malipo, hilo wengi wetu tulikuwa hatujalifikiria.

Theogene alikuwa amehamia Louisville mwezi huo, amepata kazi ghalani. Aliposikia nani yuko kwenye ile njia, alikuja siku yake ya mapumziko. Alimsalimia Uwineza kwa heshima, naye akamwitikia kama anavyoitikiwa mtu wa kusoma mita ya umeme. Kisha Theogene akavaa kizibao, akainama kutia takataka mfukoni. Nyuma yake Kibet alisimama, mikono ameikunja kifuani, redio kiunoni. Uwineza alikuwa akipiga picha za kazi kwa ajili ya kanisa. Aliinua simu, akaangalia kile kilichomo kwenye kioo, na mkono wake ukatulia kabisa. Akabonyeza.

Saa ile ile simu ya Theogene ilimponyoka kutoka mfuko wa shati, ikazama mtaroni. Aliitoa, akaifuta, akasema ataitia ndani ya mchele mpaka Jumamosi. Watu walicheka. Uwineza hakucheka, maana alikuwa ameelewa kwamba kwa siku mbili hakuna atakayeweza kumuuliza Theogene chochote.

Ijumaa alfajiri, kwenye simu ya maombi, alifungua kipaza sauti. Alisema kwa sauti ya chini, "Mumukumbuke ndugu yetu Theogene. Mungu amusaidie pale alipo." Kisha akatuma ile picha kwenye kundi la akina mama, bila maelezo. Kati ya waliokuwa wakifyeka njia, ni yeye na rafiki yake mmoja tu waliokuwamo kwenye kundi hilo. Hakusema uongo hata neno moja. Akina mama walisema mengine yote wenyewe. Kufika adhuhuri, Columbus ilikuwa imefunga kula kwa ajili ya Theogene, na Buffalo ilikuwa inatafuta wakili anayejua Kiswahili.

Ndiyo sababu Jumamosi hiyo Uwineza alifunga kitambaa chake kipya cha kichwa kwenda kukata miti.

Alimkuta Theogene amekwisha kufika. Mvua ilikuwa imelainisha udongo, mizizi ilikubali kung'oka, na watu walikuwa wamejipanga wawili wawili, mmoja akivuta kichaka na mwingine akikata shina. Uwineza alichagua mahali pa mbali, penye kona. Haikusaidia. Baada ya muda akasikia hatua nyuma yake.

"Uwineza, naweza kuvuta upande huu?"

"Njia ni ya watu wote. Vuta unapotaka."

Walivuta na kukata pamoja. Theogene alikuwa amekonda. Alikuwa bado na ile tabia ya kuimba nyimbo za ibada puani bila kujua kwamba anaimba, na alipovuta shina kubwa, mishipa ya shingo ilimtoka, na jasho likamshuka mpaka kwenye kola. Uwineza alijikuta anaangalia pale kwenye kola. Akajikemea moyoni, akakata tawi ambalo halikuhitaji kukatwa.

"Minajua unanichukia," Theogene alisema.

"Kukuchukia ni kazi. Mimi niko na kazi mbili tayari."

Alitabasamu kidogo, tabasamu lile la upande mmoja, na Uwineza akalichukia tabasamu hilo kwa sababu bado alilijua vizuri mno. Theogene alieleza kwamba hakuja Louisville kwa sababu ya kazi. Kazi zilikuwapo Buffalo. Alikuja kwa sababu kila msichana aliyeonyeshwa kule na baba yake mdogo, alimwangalia akaona si Uwineza. Alisema amekusudia kuwatuma tena wazee kwa Mzee Bisogo, mama yake akikubali au akikataa.

"Na ile picha," Uwineza aliuliza, "mama yako ameisahau?"

"Mama sijui. Mimi sikuiamini hata siku moja."

Mkasi ulisimama katikati ya tawi. "Rudia."

"Sikuiamini. Wewe mwenyewe ulikuwa umenielezea kwa simu, kwamba kuko mwalimu wa gari, Mkenya, anakuchekesha mpaka unakosa breki. Nilipoiona nilijua ni yeye."

"Ulijua. Na ulikaa pale kwenye kiti."

"Nilikaa."

Kwa miaka yote hiyo Uwineza alikuwa amemwombea Theogene kama mtu aliyedanganywa. Mtu aliyedanganywa unaweza kumhurumia, unaweza hata kumlilia. Kumbe alikuwa ameketi na ukweli mfukoni kama mtu mwenye mwavuli anayemtazama mwenzake akilowa.

Theogene aliendelea kusema, sasa kwa haraka. Baba yake alikuwa amekufa vitani, mama aliwalea yeye na dada yake kambini kwa mikono mitupu, hakuna aliyewahi kumwambia Nyirabeza hapana mbele ya watu, na yeye hakujua neno hilo linaanzia wapi.

"Na mimi?" Uwineza alisema. "Mimi nilikuwa mutu wa kuambiwa hapana mbele ya watu?"

Theogene alilivuta shina, likang'oka na udongo wake wote, naye akabaki amelishika kama hajui la kulifanya.

"Wazee wako usihangaike kuwatuma," Uwineza alisema, akaanza kukata tena. "Watakuja wenyewe."

"Unasema nini?"

"Vuta, Theogene. Kichaka kinakungoja."

Hapo akafika Leya, rafiki yake tangu kambini, ambaye alikuja kila siku kwenye kazi ile na hakuna aliyemwona na reki. Alimvuta Uwineza pembeni, akamwonyesha simu. Nyirabeza na watu wake walikuwa wamekwisha kwenda jela ya mjini. Waliambiwa hakuna mfungwa wa jina hilo. Rurangwa akasema bon, basi amepelekwa kazini, na akaanza kuwauliza watu wa kundi ile picha ilipigwa wapi. Mtu akawaelekeza.

"Hii moto umewasha, rafiki yangu," Leya alinong'ona. "Uko na maji?"

"Sitaki maji. Minataka waione ikiwaka."

"Unamupenda bado, weye. Mutu asiyependa hafanyi kazi yote hii."

Uwineza alimwambia aende akatafute reki. Lakini kimoyomoyo alianza kuomba, kisha akaacha, kwa sababu hakujua aombe nini kati ya vitu viwili alivyovitaka.

Gari lilisimama ukingoni mwa barabara, mahali njia inapoikata. Alishuka kwanza Rurangwa, amevaa koti na tai katika joto lile. Kisha Nyirabeza. Mkono mmoja alishika suti ya mwanawe iliyotundikwa kwenye hanga, kwa ajili ya kusimama mbele ya hakimu, na mkono wa pili chupa ya chai ya maziwa. Biblia alikuwa ameibana kwapani. Nyuma yao alishuka msichana mwembamba aliyefunga kanga kiunoni, akabaki ameegemea mlango wa gari. Uwineza alimtambua: Mutesi, dada yake Theogene, aliyekuwa akiishi Buffalo kwa baba mdogo.

Nyirabeza hakumwona mwanawe aliyekuwa konani. Alimwona mwanamume mwenye miwani na redio. Alikwenda moja kwa moja kwake, akamwekea suti mikononi, akapiga goti kidogo kama tunavyowafanyia wakubwa.

"Mukubwa," alisema, "minakuomba. Huyu mutoto hana kosa. Donc, basi, kama liko kosa, ni la ujinga. Hajui sheria za hapa. Unifunge mimi, niko mutu muzima, sina kazi ya kupoteza. Lakini umuache anywe chai kwanza."

Kibet alitazama ile suti, akamtazama mama, akazima redio iliyokuwa ikikoroma.

"Pole mama, sijakuelewa. Nimfunge nani?"

Rurangwa alisogea, akajitambulisha kuwa baba mdogo wa mfungwa, akasema familia iko tayari kuweka dhamana, na kwamba wanamheshimu sana mkubwa wa gereza. Watu walikuwa wameacha kazi. Walisimama na reki zao na vizibao vyao vya rangi ya chungwa, wazee wa kanisa, akina mama, majirani Wazungu wawili waliokuwa wakisukuma toroli, na Rurangwa akaanza kuwatazama mmoja mmoja, na uso wake ukaonyesha kwamba hajapata kuona gereza lenye waumini wengi hivi.

"Mama?" Theogene alikuwa ametokea konani. "Juu ya nini uko hapa?"

Nyirabeza aliangusha chupa. Alimkimbilia mwanawe, akamshika vifundo vya mikono, akavigeuza juu na chini akitafuta alama za pingu. Alimpapasa mabega, akamnusa nywele kama mtoto. Theogene alirudia kuuliza kwa nini wamekuja, na watu watatu wakamweleza kwa mpigo. Picha. Maombi. Columbus yote imefunga. Theogene alisikiliza, na kabla hawajamaliza, macho yake yakaondoka kwao yakamtafuta Uwineza, yakampata.

"Hapa hakuna mfungwa, mama," Kibet alisema kwa upole. "Sisi sote tumejitolea tu. Hizi vest tumevaa ni juu ya malori yanayopita, watuone. Mimi si polisi. Mimi naitwa Kibet."

Nyirabeza aligeuka. Alimtazama usoni.

"Sura yako minaijua."

"Inawezekana. Nilikuwa nafundisha watu kuendesha gari huku Okolona, kabla nioe. Hata huyu Uwineza nilimfundisha mimi. Alinigongea bampa ukutani mara mbili, akicheka tu, kabla apate leseni."

Baadhi ya watu walicheka. Mzee Bisogo, aliyekuwa ameketi juu ya ndoo akinoa panga, hakucheka. Aliacha kunoa. Nyirabeza alikuwa bado anamtazama Kibet, na Uwineza aliona jambo likipanda polepole katika uso ule, kama maji yanavyopanda kisimani, mpaka yakafika machoni.

Hii ndiyo saa Uwineza aliyoiota. Alitembea katikati ya watu, akasimama mbele ya Nyirabeza. Hakupaza sauti.

"Shikamoo, mama."

"Nani alituma ile picha?" Nyirabeza aliuliza, ingawa macho yake yalikuwa yamekwisha kujua.

"Ni mimi."

"Juu ya nini ulitudanganya? Mimi ni mujane. Juu ya nini ulichezea maombi ya watu wa Mungu?"

"Unionyeshe neno la uongo nililosema. Nilisema mumuombee. Picha ni ya kweli, yeye ndiyo huyu na kile kizibao amevaa. Ni weye ulinifundisha, mama. Ni weye ulinifundisha kwamba picha inatosha, hakuna haja ya kuuliza."

Lori lilipita, likatikisa majani.

"Tangu jana sijaweka kitu kinywani," Nyirabeza alisema.

"Pole. Baba yangu huyu hapa. Umuulize alikula nini miaka hii."

Nyirabeza alimtazama Mzee Bisogo, na hakuweza kuendelea kumtazama. Alitafuta mahali pa kuketi, hakupata, akaketi juu ya lundo la vichaka vilivyokatwa, na kanga yake nzuri ikaingia maji na udongo. Rurangwa alisema bon, tusikilizane, sisi ni watu wa kanisa moja. Hakuna aliyemsikiliza. Uwineza alisimama pale, na utamu wa kisasi ukamshuka kooni kama asali, naye akaunywa. Nisingesema kweli kama ningesema hakuunywa.

"Dada Uwineza."

Ilikuwa sauti ya Mutesi. Alikuwa amekuja taratibu mpaka ukingoni mwa njia. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Mimi nilikukosea nini?"

Uwineza hakuelewa. Alimwambia hajamkosea kitu, yeye alikuwa bado mtoto wakati ule.

"Watu wa Zenoni walikuwa waje kuniposa Jumamosi ijayo," Mutesi alisema. "Wanasali Buffalo, kanisa letu. Mama yake yuko kwenye simu ya maombi. Jana walikuja kwa baba mudogo, wakamuambia hawawezi kuposa nyumba yenye mufungwa. Walisema mbele ya watu. Nilikuwa jikoni, nikasikia yote."

Leya ndiye aliyeuliza, kwa sauti ndogo, Zenoni mwenyewe alisema nini.

"Alikuwa amekaa pale," Mutesi alisema. "Alinyamaza."

Theogene aliyafunga macho yake.

Uwineza aliitafuta ile asali, haikuwapo. Mbele yake alisimama msichana mwenye kanga iliyokunjamana kwa safari, na kila kilichokuwa katika uso wake Uwineza alikijua kwa jina. Alikijua kinavyokuwa asubuhi na kinavyokuwa Jumapili, wenzako wanaposogea kidogo kwenye benchi ili usikae karibu. Alimjua huyo msichana kuliko Zenoni alivyomjua. Na safari hii hapakuwa na mama wa Hilliard wa kumlaumu.

"Umefurahi sasa?" Nyirabeza aliuliza kutoka pale alipoketi. Hakuuliza kwa hasira. Ilikuwa kama mtu anayetaka kujua kweli, kwa sababu naye aliwahi kusimama mahali hapo.

Rurangwa aliona nafasi. Alisema jambo hili si gumu, kesho alfajiri Uwineza atafungua kipaza sauti kwenye simu ya maombi, ataeleza, watu watacheka, na yote yataisha. Wengine waliitikia kwa vichwa. Theogene alivua glavu zake, akaja akasimama karibu na Uwineza, karibu kiasi kwamba aliisikia pumzi yake.

"Nimenyamaza vya kutosha," alisema mbele ya wote. "Mama, huyu minamupenda. Alichofanya ni kibaya, na sisi tulimufundisha. Baba Bisogo, nilijua ukweli na sikuusema, nisamehe. Leo minaomba upya."

Ndilo neno ambalo Uwineza alikuwa amelingoja miaka yote, na lilikuja kwa sauti kubwa, mbele ya Nyirabeza, lisiloogopa mtu. Mwili wake wote ulimwegemea bila kusogea. Mzee Bisogo alimtazama binti yake, akainamisha kichwa kidogo, kama anayesema, jibu ni lako.

Uwineza alirudi nyuma hatua moja.

"Hapana, Theogene. Leo hapana."

Alimgeukia Rurangwa, akamuuliza kama gari linarudi Buffalo leo. Rurangwa alisema linarudi, limpitishe kwanza shemeji yake Hilliard, wafike usiku. Uwineza akauliza kama kiti kipo. Kipo. Theogene akasema atakwenda naye. Uwineza akamwambia atabaki hapa na panga, maana baba yake anahitaji njia ya kupitia Jumatatu, na kwamba akienda naye watu watasema amekuja kutetewa na mwanamume.

"Watu wa Zenoni ni wagumu," Nyirabeza alisema. Alikuwa amesimama, anakung'uta majani kwenye kanga. "Ninawajua. Wewe utasema yako, watasikia, na watakataa. Halafu?"

Uwineza alivua kitambaa chake kipya cha kichwa, akajifuta uso nacho. Alimshika Mutesi mkono. Mkono ule ulikuwa baridi katika joto lile lote, haukumshika, lakini haukujiondoa pia.

"La kwako, mama, sikudai tena," alisema. "Utaona na Mungu wako. Mimi minasema la kwangu. Na weye Theogene usikie, na baba yangu asikie, na hawa wote wenye reki wasikie. Sitaapa, juu tumekatazwa kuapa. Minasema tu. Kesho nitasimama mbele ya kanisa la Buffalo, mbele ya baba na mama yake Zenoni, niseme kwa kinywa changu kwamba hakuna jela, kwamba ni mimi, na juu ya nini nilifanya. Wakikataa, nitarudi Jumapili ingine, na ingine. Na mpaka siku Mutesi atatoka kwenu akiwa bibi arusi, hakuna mutu ataniposa mimi, hata huyu minayemupenda. Kama yeye hatatoka, na mimi sitatoka."